Juni Prudhoe Bay: Kumbukumbu za Fundi wa Mitambo

Jumanne, Fairbanks hadi Coldfoot

Tumetoka Fairbanks saa kumi na mbili asubuhi, watu wawili ndani ya lori la huduma lenye kompresa, matangi ya oili na kreni ndogo nyuma. Kwa kawaida sisi wa Prudhoe Bay, kwenye visima vya mafuta vya kaskazini mwa Alaska, hupanda ndege Anchorage na kufika kazini kabla ya chakula cha mchana. Safari hii lori lenyewe lilihitajika huko juu, nami nikaomba niwe mmoja wa madereva, kwa sababu nilitaka kuiona kwa macho nchi ambayo kila zamu naipita nikiwa juu ya mawingu.

Barabara yetu ni Dalton Highway, kilomita 666 kutoka karibu na Livengood hadi Deadhorse, kambi kuu ya visima vya mafuta pwani ya kaskazini ya Alaska. Ilijengwa mwaka 1974 ili kubeba vifaa vya ujenzi wa bomba la mafuta, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kuiendesha hadi mwisho mpaka mwaka 1994. Vipande vingine vina lami; sehemu kubwa ni kokoto na udongo ulionyunyiziwa chumvi ya kalsiamu kuzuia vumbi. Fundi huiogopa chumvi hiyo kuliko mashimo. Tope lake likikaukia chini ya gari linashika breki, linakula nyaya, na kulitoa ni kazi ya maji moto na chuma cha kukwangua.

Mwenzangu ni mzee wa Fairbanks ambaye nywele zimemwotea mvi kwenye barabara hii hii. Kabla ya kila mlima anashika redio na kutangaza tulipo na tunakoelekea, asikie dereva yeyote anayeteremka na trela la mabomba. Taa zinawaka mchana kutwa. Tumevuka mto Yukon kwenye daraja la mita 700 lenye sakafu ya mbao, bomba la mafuta likivuka pamoja nasi ubavuni. Baadaye tumepita Prospect Creek, ambako tarehe 23 Januari 1971 kipimajoto kilisoma nyuzi 62 chini ya sifuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Marekani. Leo palikuwa na nyuzi 19 za joto na mbu wa kutosha.

Tunalala Coldfoot. Kuna mafuta, mkahawa na vitanda, na hapa kila mtu anajaza tangi hata kama limepungua kidogo tu. Kutoka hapa hadi Deadhorse ni kilomita 386 bila kituo hata kimoja.

Jumatano, Coldfoot hadi Deadhorse

Miti imekwisha asubuhi hii. Misonobari ilianza kupungua kimo, ikawa ya kifua, ikawa ya goti, kisha tukapinda kona na hapakuwa na mti tena. Mbele yetu milima ya Brooks. Tumepanda njia ya Atigun, mita 1,444 juu ya bahari, theluji ikiwa bado pande zote mbili. Kondoo mwitu weupe walikuwa wamesimama kwenye mteremko ambao mimi nisingethubutu kuukanyaga hata na kamba kiunoni.

Tuliposhuka upande wa pili mzee akasimamisha lori kukagua matairi. Nikashuka nami. Juu ya jiwe, hatua chache kutoka kwangu, alikuwa ndege mdogo, mgongo wa kijivu, mstari mweusi machoni. Akaruka kwenda jiwe la pili, na mkia wake ukaonekana: mweupe, ukiwa na alama nyeusi ya herufi T iliyopinduliwa. Nilikuwa namjua. Nimekulia Gilgil, Kenya, na huyu ni yule anayekaa juu ya nguzo za ua la malisho kuanzia Oktoba, akiruka chini kuokota mdudu na kurudi palepale, kisha Machi unamtafuta humwoni. Wataalamu humwita Oenanthe oenanthe.

Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwa kuwafunga ndege wa aina hii, waliokamatwa Alaska, vifaa vidogo vya kurekodi mwanga wa jua. Kwa kulinganisha saa za macheo na machweo wakajua kila ndege alikuwa wapi. Walikuwa wamevuka bahari hadi Urusi, wakaikata Asia yote na Uarabuni, wakatua Sudan, Uganda na Kenya. Ni karibu kilomita 14,500 kwa upande mmoja, miezi mitatu hivi kwenda na chini ya miwili kurudi. Ndege huyu ana gramu 25 tu.

Nilisimama pale nikimtazama mpaka mzee akapiga honi. Nilipomweleza alinisikiliza vizuri, akauliza, "Basi huyo ni wa kwenu au wa kwetu?" Nikamwambia anataga hapa, kwa hiyo ni wa hapa, kwetu huja kutafuta riziki. Nimelifikiria jibu hilo njia nzima, maana ndivyo ilivyo kwangu pia, ila mimi nimeifuata riziki upande wa huku.

Kuanzia hapo nchi ni tambarare na bomba halipotei machoni. Lina upana wa mita 1.22 na linakwenda kilomita 1,287 hadi bandari ya Valdez. Zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu mafuta hutoka ardhini yakiwa na joto, na bomba lenye joto likizikwa kwenye ardhi iliyoganda, ardhi inayeyuka na bomba linazama. Nguzo nyingi zina mirija miwili yenye amonia ndani. Wakati wa baridi ardhi ya chini huwa na joto kuliko hewa ya juu, kwa hiyo amonia inageuka mvuke, inapanda hadi kwenye mapezi ya aluminiamu kileleni, inatoa joto lake hewani, inakuwa majimaji tena na kushuka. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna cha kuharibika kirahisi. Kama fundi, hicho ndicho kitu ninachokiheshimu kuliko vyote kwenye mradi huu.

Tumefuata mto Sagavanirktok, ambao kila mtu hapa anauita Sag. Mwaka 2015 ulifurika na kuifunga barabara hii kwa wiki kadhaa, kokoto zikachukuliwa na maji. Kando yake tumeona muskoksi wanane, wanyama wa baridi wanaofanana na ng'ombe, manyoya yakiburura karibu na nyasi. Wa asili wa Alaska waliisha karne ya 19. Mwaka 1930 wakaletwa 34 kutoka Greenland, wakazaana kisiwa cha Nunivak, na kutoka huko wengine wakarudishwa huku kaskazini mwaka 1969 na 1970. Hawa hawaendi popote majira ya baridi. Hubaki hapa, gizani, kwenye upepo, wakila kile kidogo kilicho chini ya theluji.

Deadhorse imetupokea ndani ya ukungu. Nyuzi 2.

Alhamisi

Kila anayeingia upya anakaa darasani kwanza. Mengi tumeyasikia, lakini yanarudiwa: hakuna pombe, hakuna kuwinda ukiwa kazini, hakuna kukanyaga tundra, yaani nyika hii isiyo na miti, hakuna kumlisha mnyama yeyote kitu chochote. Hilo la mwisho litakufukuzisha kazi siku hiyo hiyo. Mbweha wa huku hubeba kichaa cha mbwa, na mbweha aliyezoea kupewa mkate huja mpaka mlangoni. Dubu aliyezoea takataka mwisho wake ni risasi.

Sababu ya kutokanyaga tundra nayo ni nzito. Chini ya nyasi ardhi imeganda kwenda chini zaidi ya mita 600. Majani ya juu ndiyo yanayoilinda na jua. Gari likipita mara moja wakati wa kiangazi, alama yake huonekana miaka mingi baadaye, kwa sababu barafu ya chini inayeyuka na mfereji unazidi kuzama. Ndiyo maana kila kitu hapa, barabara, yadi, nyumba, kimekaa juu ya tuta nene la kokoto, na kazi ya kuvuka tundra husubiri majira ya baridi, barabara zijengwe kwa barafu.

Chumba changu nakitumia kwa zamu na mtu ambaye karibu hatuonani. Mimi nikiingia yeye ametoka. Tunajuana kwa jinsi tunavyoacha kitanda na kwa karatasi za ujumbe kuhusu kazi. Dirisha limefunikwa karatasi ya fedha. Jua halitatua tena mpaka kuelekea mwisho wa Julai, na mtu anayefanya zamu ya urefu wa saa kumi na mbili asipoufunga mwanga hatadumu.

Jikoni yupo dada wa Goma, aliyefika Anchorage baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Kiswahili chake na changu havifanani sana, lakini sahani yangu anaijua. "Njoo ukule, ndugu," ananiambia kila jioni, "hii baridi inakula mtu ndani." Leo alikuwa ameniwekea kando wali na maharage aliyojipikia yeye mwenyewe, mbali na nyama nyingi za kambi. Tulizungumza dakika tano. Dakika tano za lugha yako baada ya siku nzima ya redio na kelele za injini zinatosha kumrudisha mtu utu wake.

Ijumaa

Kazi ya kwanza: greda la barabarani linalovuja haidroliki. Lilikuwa limeegeshwa pembeni ya yadi kwa siku kadhaa likisubiri mpira wa presha. Chini yake palikuwa na beseni la turubai, kama sheria inavyotaka. Hapa gari lolote likisimama, hata la msimamizi mkuu, linawekewa kinga chini, na tone moja la oili kwenye kokoto linaandikiwa ripoti. Mgeni huliona jambo hilo kuwa kubwa mno mpaka atazame ng'ambo ya tuta, hatua ishirini kutoka kwenye yadi, aone dimbwi ambalo bata bahari wanaogelea na vifaranga watatoka wiki zijazo.

Nilipanda kukagua bomba linalopita nyuma ya kabati la dereva. Ndege akatoka kwenye upenyo karibu na mkono wangu. Nikawasha tochi. Ndani kabisa, mahali ambapo vyuma viwili vinakutana, palikuwa na kiota cha nyasi kavu na nywele nyeupe za mbweha, na manyoya yamepangwa kwa ndani. Mayai matano, ya rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia. Dume alikuwa juu ya mlingoti wa taa akiimba, mweupe, mgongo na ncha za mabawa nyeusi, ukubwa wa shomoro hivi.

Ndege hawa wa theluji huzaa kwenye nyufa za miamba. Madume hufika Aprili, majike wakiwa bado njiani, baridi ikiwa inaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, ili kuwahi upenyo mzuri ambao mbweha hawezi kuingiza mdomo. Huku pwani hakuna miamba. Tumeleta sisi, ya chuma, na wameipokea.

Nikaita redio. Afisa wa mazingira akafika, akatazama, akafunga utepe kuzunguka greda na kutundika kibao. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 hairuhusu kuharibu kiota chenye mayai. Msimamizi wa barabara hakufurahi. Barabara imeoza kwa kuyeyuka kwa theluji, na hilo ndilo greda alilolitegemea. Alikuja akasimama mbele ya utepe, mikono kiunoni, kisha akaenda kuomba jingine yadi ya pili. Nilimhurumia, lakini nilikuwa upande wa ndege. Greda linaweza kukodiwa. Kiangazi cha huku ni kifupi, na mayai haya yakipotea huenda pasiwe na muda wa kutaga mengine.

Jumapili

Tumekwama barabarani saa nzima, na hakuna aliyelalamika. Kundi la karibou, kulungu wa nchi za baridi, majike na ndama wa wiki moja au mbili, walikuwa wanavuka. Gari linasimama, injini inazimwa, hupigi honi. Nilishusha kioo. Walipokaribia nikasikia miguu yao ikitoa mlio, tik, tik, tik, mamia kwa pamoja. Ni kano inayoteleza juu ya mfupa wa mguu kila anapokanyaga. Majike kadhaa walikuwa bado na pembe, kwani jike mwenye mimba huzibeba mpaka azae, na kwa pembe hizo hulinda sehemu yake ya malisho kwenye theluji.

Mabomba madogo yanayotoka visimani kwenda kwenye mitambo yalijengwa mwanzoni yakiwa chini mno. Siku hizi huinuliwa zaidi ya mita 2 ili wanyama wapite chini. Wengi hupita. Majike wenye ndama wachanga, hata hivyo, bado hukwepa barabara zenye magari, na nimewaona leo kwa macho yangu wakigeuka mara mbili kabla ya kujitosa. Kundi hili la Aktiki ya Kati lilifika karibu 70,000 mwaka 2010, likashuka hadi kama 22,000 mwaka 2016, kisha likaanza kuinuka. Idadi ya karibou hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na mtu anayetaka kukuambia kwamba mafuta hayakuwagusa kabisa, au kwamba mafuta ndiyo yamewamaliza, hajakaa hapa akawatazama.

Jumanne

Tangazo la redio saa nne asubuhi: dubu wa kahawia yupo yadi ya mashariki. Sote ndani. Milango mingine ya majengo hapa ina kizimba cha chuma nje, unatoka na kusimama ndani yake, unatazama kushoto na kulia kabla ya kukanyaga chini. Nimemwona kutoka kwenye kizimba hicho: dubu mmoja, manyoya ya mgongo yakipeperushwa na upepo, akifukua ukingo wa tuta kutafuta kindi wa ardhini. Walinzi wakamsogeza taratibu kwa magari mpaka akaondoka.

Yule kindi aliyekuwa akitafutwa ni kiumbe wa ajabu. Hulala miezi saba au minane ya baridi, na joto la mwili wake hushuka mpaka karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila damu kuganda. Kila baada ya wiki mbili au tatu hutetemeka mpaka mwili upate joto tena, kisha husinzia upya.

Dubu mweupe ni habari nyingine. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani inamtaja kuwa yumo hatarini, kwa sababu barafu ya bahari anayowindia sili inapungua. Majike huchimba mapango ya kuzalia kwenye theluji ya ukingo wa pwani, na pango likijulikana kazi zote hukaa mbali nalo zaidi ya kilomita moja na nusu. Hapa siwezi kukwepa jambo moja. Mshahara wangu unatoka kwenye mafuta haya, na moshi wa mafuta haya ni sehemu ya kinachoyeyusha barafu yake. Nayajua yote mawili na nayasema yote mawili. Kinga ninayoweka chini ya lori haifuti hilo, lakini siachi kuiweka.

Alhamisi

Zamu ya leo nimekuwa na mzee Mwinupiaki, wa watu wa asili wa kaskazini mwa Alaska, kutoka Nuiqsut, kijiji kilicho magharibi ya hapa. Kazi yake ni kulinda mafundi wanaofanya kazi karibu na maji: anasimama na darubini, anatazama upeo wa bahari iliyoganda. Alikuwa kijana mdogo familia 27 zilipohama mji wa Barrow mwaka 1973 kukirudisha kijiji hicho mahali pa mababu zao. Mwisho wa Agosti wanaume wa kwao huenda kisiwa cha Cross kuvua nyangumi wa aina ya bowhead, kwa mgawo uliokubaliwa kimataifa, na wakati huo shughuli za baharini za kampuni hupunguzwa ili kelele zisiwafukuze. Nyangumi wa aina hiyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 200.

Aliniuliza kwetu tunahifadhije nyama. Nikamweleza nyirinyiri ya watu wa kaskazini mwa Kenya, nyama inayokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye mafuta, ikakaa miezi. Akacheka kwa furaha. Akatoa mfukoni karibou iliyokaushwa, akanigawia, na kutoka kwenye kopo dogo akatoa kipande cha mafuta cha kulia pamoja nayo. Nikala nikamwambia, mzee, hii naijua. Tangu hapo mchana kutwa alinielekeza kila ndege aliyepita: bata bukini wa theluji, wale wenye shingo nyeusi, membe wa aktiki ambaye wakati wa baridi yetu huwa Antaktika.

Wanaoondoka na wanaobaki hapa anawajua kwa majina, na sisi wa kambi hatuna shaka tumo kundi gani.

Jumatatu

Mbu wametoka. Jana hapakuwa na hata mmoja, leo upepo ulipotulia saa sita hewa ikawa nyeusi. Karibou wanakimbilia pwani na kupanda juu ya matuta yetu ya kokoto, ambako hakuna majani na upepo ni mwingi kidogo. Wamejaa kwenye kivuli cha matangi, vichwa chini. Malori ya mafuta yanapita mwendo wa mguu.

Kwenye greda mayai manne yamepasuka. Vifaranga, vinywa vyekundu wazi. Dume na jike wanaleta mbu kwa mdomo, safari moja baada ya nyingine, na mchana wote huu usiokwisha hawana sababu ya kupumzika. Msimamizi wa barabara alipita saa kumi akaniuliza wangapi. Nikamwambia wanne. Akasimama kidogo nje ya utepe, akasema nimjulishe wakianza kuruka.

Jumatano, siku ya kukabidhi

Ndege yangu ni saa tisa. Nimemwandikia mwenzangu wa chumba, ambaye pia ndiye anayeshika zana zangu: kompresa ya lori jipya inapoteza presha kidogo, angalia vali ya pili. Jenereta la kambi limebadilishwa oili. Mpira wa presha wa greda umefika, upo rafu ya tatu, umefungwa na jina. Usiufunge bado. Vifaranga watahitaji kama siku kumi zaidi kabla ya kutoka, na hata wakitoka piga redio kwanza, afisa wa mazingira aje athibitishe kiota kitupu. Jike huingilia upande wa kushoto, kwa hiyo ukitaka kukagua beseni la chini pitia kulia. Na dada wa jikoni amesema maharage yapo.